Marehemu Waliokula Yanga

Mwaka ule wa njaa, Mwantumu binti Sadala alikuwa karani katika ofisi moja ya serikali mjini Korogwe. Kazi yake ilikuwa kuchapa majina ya waliopokea yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, katika vijiji vya Handeni. Orodha zilipelekwa Dar es Salaam kwenye mashine kubwa iliyoitwa kompyuta, kila jina likatobolewa kwenye kadi yake. Kisha mashine ikayapanga yote kwa herufi, bila kujali yametoka kijiji gani.

Karatasi zilirudi mwezi wa Novemba, furushi zima. Mwantumu akazipitia kwa kidole. Alipofika herufi T, kidole kikaganda.

Tatu binti Kibwana, kijiji cha Kwamhina. Chini yake, Tatu binti Kibwana, kijiji kingine. Chini yake tena, cha tatu. Umri uleule, na wote watatu walichukua yanga mwezi wa Oktoba.

Tatu binti Kibwana alikuwa bibi yake mzaa mama. Alizikwa mwezi wa Machi.

Mwantumu akakumbuka yote. Bibi alikwenda ghalani na kikapu, akaonyeshwa daftari, akaambiwa, "Umeshachukua, dole gumba lako hili hapa." Akarudi mikono mitupu, akiapa kwamba hajachukua kitu. Na Mwantumu, msomi wa ukoo, ndiye aliyemwambia, "Bibi, huenda umesahau." Hazikupita wiki mbili wakamzika. Watu wakasema ni uzee.

Kesho yake alipanda basi la Handeni na karatasi zake kwapani, akashuka njiani, akatembea hadi ghala la Kwamhina, lililogawia vijiji vyote vitatu. Bwana Simeo, mtunza ghala, alikuwa mlangoni, shati limembana tumboni. Mwantumu hata shikamoo hakumpa.

"Nani alichukua yanga ya bibi yangu?"

Simeo akatazama karatasi, akacheka. "Mashine imekosea, binti. Chuma kitamjuaje mtu wa Kwamhina?"

"Chuma hakina tumbo, Bwana Simeo. Nani alikula?"

Kicheko kikakatika. "Wewe ni karani. Chapa unachopewa, kama bado unaitaka kazi yako."

Mwantumu alizikunja karatasi zake, akatoka. Akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mhina. Mzee alisikiliza hadi mwisho, akaagiza ngoma ya mkutano ipigwe.

Watu walipokusanyika, Mwantumu akaanza kusoma majina ya Kwamhina yaliyoandikwa kuwa yamechukua yanga.

"Abdi Muhidini."

"Tulimzika kabla ya mvua!" sauti ikajibu.

"Mwaija Kibwana."

"Huyo aliolewa Hale, ana miaka mitano huko!"

"Rosa Eliasi."

Mwanamke mmoja akasimama, mtoto mgongoni, mifupa ya mabega ikionekana. "Rosa ni mimi. Mimi ni mzima, na sijaonja hata punje moja! Kila nikienda naambiwa nimeshatia dole!"

Hapo mkutano ukachafuka. Hakuna aliyengoja jina la nne. Walikwenda ghalani wote, Mzee Mhina akitangulia, akamtaka Simeo atoe funguo. Nyuma ya rundo la magunia matupu walikuta magunia thelathini na moja yaliyojaa, yameshonwa upya, yakingoja lori la mnunuzi. Mzee Mhina akaamuru yagawanywe palepale, kaya kwa kaya, Rosa akiwa wa kwanza. Polisi walipofika kumchukua Simeo, vinu vilikuwa vinalia kijiji kizima.

Simeo alifungwa miaka mitatu.

Mwantumu naye aliitwa na mkuu wake wa kazi, akakabidhiwa barua ya onyo kali aitie saini: ametoa siri za serikali nje ya ofisi, na akirudia atafukuzwa. Aliisoma akiwa amesimama, akairudia tangu mwanzo.

"Siri ya nani, mzee?" akauliza. "Bibi yangu alikufa akiitwa mwongo. Hii ilikuwa siri ya nani?"

Mkuu akainamia mafaili yake. Mwantumu akaiacha barua mezani bila kuitia saini, akarudi kwenye taipureta yake.