Asante ya Kona ya Saba

Mchezo wa zamani wa kompyuta wa mbio za magari wa Nagisa ulikuwa na viraka vingi hata haukukumbuka ulivyozaliwa. Kwa miaka sita alikuwa ameupachika magari mia mbili, mvua ya milima ya Gunma huko Japani, sauti za vyura kando ya barabara, na kile kitufe chekundu cha usukani kilichowasha taa za hazadi, zile za tahadhari zinazomweka pande zote mbili. Ukipishwa, unamwashia mwenzako: asante. Ukimgusa, unamwashia: samahani. Klabu yake nzima ya mbio iliweka kitufe hicho mahali pamoja, na asiyekibonyeza alisemwa wiki nzima.

Sasa klabu imehamia mchezo mpya, mtupu kama nyumba isiyo na mkeka, kwa kuwa mashindano ya mkoa yatafanyika humo. Timu ilibakiza nafasi moja, na Nagisa aliitaka kwa moyo wote. Tangu ajifungue hakuwa ameshindana hata mara moja. Mpinzani wake alikuwa Tokiwa, muuza tofu, ile jibini ya soya, mwenye mdomo. Mizunguko mitano, Jumamosi mchana, wakati binti yake Kotoha akilala.

"Dada, umeleta mto? Maana leo unalala nyuma yangu," Tokiwa alimwambia kupitia vipokea sauti vya masikioni.

"Tuuzie tofu kaka, maneno tunayo," Nagisa akanong'ona.

"Mbona unanong'ona?"

"Mtoto kalala. Na wewe nong'ona."

"Haya," akanong'ona Tokiwa, ingawa alikuwa peke yake dukani.

Mzunguko wa pili Nagisa akiongoza, walimkuta Kurimoto, kinyozi na mwenyekiti wao, akijiendea taratibu kuwatazama. Mzee akasogea kando. Kidole gumba cha Nagisa hakikuomba ruhusa: kikabonyeza. Injini ikazima puu.

Kumbe huku kwenye mchezo mpya kitufe kilekile ni cha kuzima injini! Kuiwasha tena kulikula sekunde sita. Tokiwa akampita akicheka kichinichini.

"Mwanangu, mafuta yamekwisha?" Kurimoto akauliza.

"Nilikuwa nakushukuru, mzee!"

"Basi nishukuru kwa mdomo!"

Nagisa akakikunja kidole gumba ndani ya ngumi kama mtoto aliyekatazwa kukinyonya, akaanza kufukuza. Kona moja akapunguza pengo kidogo, nyingine kidogo. Alianza kuupenda mchezo huu mtupu. Breki zake zilisema kweli.

Mzunguko wa mwisho, kona ya saba, Tokiwa aliteleza nje. Angeweza kumbana Nagisa ukutani. Hakumbana, alimwachia njia. Nagisa akapenya na, jamani, miaka sita si mchezo, kidole kikachomoka ngumini.

Asante. Injini puu.

"Dada yangu!" Tokiwa akasahau kunong'ona. Akaja mbio, akamgonga kidogo kwa nyuma, na papo hapo, kwa adabu aliyolelewa nayo, naye akabonyeza samahani.

Puu.

Hapakuwa na muda wa kuwasha tena, mstari wa mwisho ulikuwa pale chini tu. Magari mawili yakateremka mlima kimya, yakijongea kama bibi wawili watokao sokoni. Tokiwa akanong'ona, "Sukuma, sukuma," asijue anamwambia nani. Nagisa aliinama mbele kana kwamba uzito wake ungesaidia. Pua ya gari lake ikagusa mstari kwanza.

Akapiga yowe. Kotoha akaamka akilia.

"Hongera, dada," Tokiwa akasema. "Mpe mtoto pole yangu. Taa za kumwashia sina."