Ngumi Isiyotakiwa Kufika

Kwanza tuelewane. Kwenye karate yetu, ngumi nzuri ya usoni ni ile isiyofika. Unairusha kama unataka kung'oa kichwa cha mtu, halafu unaisimamisha upana wa kidole kabla ya pua. Ikisimama, pointi. Ikigusa na kutoa damu, umeondolewa, chukua begi lako nenda nyumbani. Fimbo ya mbali haiui nyoka, wahenga walisema, lakini mwalimu wetu na wahenga hawaelewani. "Breki! Funga breki!" Ndio wimbo wake kutwa, mpaka tukambatiza Mwalimu Breki, na mwenyewe anajua.

Sasa mimi ni mwoka mikate. Nakanda unga tangu alfajiri, na unga hautaki breki. Ukiuonea huruma, mkate hauumuki. Mkono wangu umezoea kwenda mpaka mwisho. Kila tukifanya mchujo wa timu ya mashindano, mimi naondolewa kwa kugusa. Kuna karani wa benki nilimpasua mdomo, mpaka leo tukikutana anavuka barabara.

Mwaka huu Breki aliniita pembeni. "Mama Mikate, ukimtoa mtu damu tena, usiniulize habari za timu. Na mwakani umri wako hauruhusiwi."

Umri! Ebo! Lakini alisema kweli. Ilikuwa mara hii au basi tena. Nilikuwa naitaka ile safari ya mashindano mpaka naona aibu kuisema. Nyumbani nilijifanya najaribu bahati tu.

Nafasi ilibaki moja, na wa kuigombania tulikuwa wawili: mimi na wifi yangu. Huyu ni dada mdogo wa mume wangu, msusi. Vidole vyake vinasuka nywele, mdomo wake unasuka mengine. Tangu harusi ananisema. Nacheka kama mwanamume, kaka yake amekonda, mapazia yangu kama ya hospitali. Na mimi simwachii; akinitupia neno moja narudisha mawili.

Jumamosi tukapanga mikeka kwenye ukumbi wetu wa kukodi. Usiku wa kuamkia siku hiyo kulikuwa na harusi, maputo bado yananing'inia darini. Mwamuzi alikuwa Breki peke yake. Tukainamiana kwa heshima, wifi na mimi, heshima ya uongo mtupu.

Loh, ana miguu yule! Mwepesi, anaruka huku na huku, ukimtafuta kulia yuko kushoto. Akanipata teke la mbavuni. Nikamrudishia ngumi ya tumbo, ile inaruhusiwa kugusa kidogo. Tukaenda hivyo hivyo mpaka pointi zikalingana na muda umekaribia kwisha. Tukashikana. Breki anakuja kututenganisha, wifi akaninong'oneza, kwa huruma kabisa:

"Wifi, kaka anasukumia mikate yako kwa maji, isije ikamkwama."

Jamani! Aniseme sura, aniseme umri, aniseme mapazia. Mkate wangu? Hasira hasara, naijua methali hiyo, ila haikunijia kwa wakati. Breki alisema "Endeleeni!" na mkono ukaenda. Ukaenda mpaka mwisho. Nilisikia meno yake kupitia kwenye glovu.

"Simameni!"

Breki alikuwa nyuma yangu, mgongo wangu umemziba. Aliona kichwa cha wifi kikirudi nyuma, basi. Akamsogelea. "Amekugusa?"

Akisema ndiyo, nafasi ni yake, na mimi karate ya mashindano nimeiaga. Akisema hapana, ngumi ni pointi na safari ni yangu. Yote hayo yalikuwa kwenye mdomo wa mtu ambaye hajawahi kuninyamazia hata chumvi ikizidi kidogo. Nilitaka niseme mwenyewe, nikajikuta nakaza mkanda wangu.

Wifi alikuwa amefumba mdomo. Nikaona koo lake linapanda na kushuka. Alikuwa anameza.

"Hajanigusa," akasema. "Kichwa nimekirudisha mwenyewe."

"Una hakika?"

"Mwalimu, mdomo ni wangu au wako?"

Breki akaninyooshea mkono. Pointi. Watu wakapiga makofi.

Nilimfuata wifi kwenye stoo ya viti, kule kwenye sinki. Akatema. Maji yakawa mekundu.

"Wifi, kwa nini?"

"Usinililie hapa, nina wateja saa nane." Akasukutua, akatema tena. "Kwani ulidhani mimi nilikuja karate kutafuta kombe? Nilikuja nipate mahali pa kukupiga bila kaka kuingilia. Wakikuondoa leo, unatundika mkanda. Mimi nitampiga nani? Karani wa benki?"

Nikataka kucheka, machozi yakatangulia.

"Halafu nakuona," akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Nikija kuchukua mkate asubuhi nakuona huko nyuma ya tanuri unarusha ngumi peke yako, kama mwendawazimu. Unaitaka hii safari, wifi. Mimi siitaki hivyo. Nenda. Ukirudi utasimama hapa mbele yangu, nitakupiga ya mdomo, na utameza."

"Nitameza."

Nikachukua taulo nimkandamize mdomo uliovimba. Akanipiga kibao mkononi. "Taratibu! Mkono kama jembe!"

Nikakandamiza taratibu. Akafumba macho, akaniacha. Na Mungu anisamehe, pale kwenye sinki nilimpenda yule mwanamke kuliko ninavyompenda kaka yake.