Jaribio Lililorukwa

Wenzake kwenye mradi walimwita Bi Vifurushi, na jina hilo alilitolea jasho. Miaka kumi na mmoja alikuwa akifunga maktaba za programu, yaani vipande vya msimbo ambavyo programu nyingine huvitegemea, kuwa vifurushi ili watumiaji wa Linux, mfumo wao wa kuendeshea kompyuta, wazipate kwa kubonyeza mara moja, bila kujua kuna mtu aliyeumia mgongo. Kazi ya kujitolea hiyo, na shukrani yake ni malalamiko.

Safari hii alikuwa amechoka hoi. Lugha ya kompyuta iliyotumika kuandikia maktaba hizo ilikuwa na toleo jipya, la zamani lilikuwa njiani kuachwa, na kila kifurushi kilitakiwa kifanye kazi kwa yote mawili kabla ya Ijumaa saa kumi jioni, la sivyo kinaondolewa. Vifurushi arobaini, mtu mmoja. Ukitengeneza kwa toleo jipya, kwa la zamani kunabomoka. Ukiziba huko, huku kunavuja. Jamani, hata kushona viraka kuna mwisho.

Ijumaa asubuhi alibakiwa na kimoja tu: maktaba ndogo inayokata maandishi vipande vipande ili sauti ya kompyuta ivisome. Aliyeiandika alishaacha kujibu barua zamani. Bi Vifurushi aliing'ang'ania kwa ajili ya baba yake, mwalimu mstaafu aliyepofuka, ambaye muda huo alikuwa sebuleni akisomewa na mashine. Kifurushi kikiondolewa, Mzee hana tena wa kumsomea.

Alipofungua maelekezo ya kufunga, akakuta mstari wa mkono wake mwenyewe, wa miezi mitatu nyuma, siku alipoihamisha mashine ya Mzee kwenda toleo jipya kwa mbwembwe zote: jaribio la mwisho lirukwe, nitaliangalia baadaye. Baadaye ipi? Kila mfunga vifurushi ana baadaye yake na hakuna anayefika huko. Alitamani kuliacha hivyohivyo. Majaribio mengine yote ya kukagua kifurushi yalikuwa yanapita, nani angejua? Lakini roho ikamsuta, akaliwasha.

Likafeli. Akasoma sababu mara mbili: kwenye toleo jipya, kipande cha mwisho cha maandishi yoyote kilikuwa kinatupwa.

Akaenda sebuleni. "Baba, mashine yako inasoma mpaka mwisho?"

"Inasoma. Habari siku hizi zinakatika ghafla, lakini habari zenyewe ndizo zilezile." Mzee akatikisa kichwa. "Kaka yako ndiye kabadilika. Zamani hamalizi barua pepe bila kuniuliza jambo, tukabishana wiki nzima. Sasa anataja kazi na hali ya hewa, basi, utadhani anaandikia ofisi. Nami nimeacha kumjibu. Siwezi kujipendekeza kwa mtoto niliyemzaa."

"Tangu lini?"

"Miezi mitatu hivi."

Alirudi chumbani. Dawa yenyewe ilikuwa mistari miwili, na hicho ndicho kilichomuuma: kazi ya dakika ishirini. Majaribio yakapita kwa matoleo yote mawili, na saa tisa alasiri akakituma kifurushi. Msimamizi wa mradi akamwandikia, "Asante, Bi Vifurushi, nenda kapumzike."

Akaweka kifurushi kipya kwenye mashine ya Mzee. "Baba, kosa ni langu. Kuna jaribio nililiruka, mashine ikawa inakula mstari wa mwisho. Sikiliza barua zake upya."

Sauti ikasoma ya kwanza, safari hii mpaka tamati: Baba, ule ubishi wetu umeuacha hewani? Ya pili: Mbona kimya, unaumwa? Ya nne: Dada anasema u mzima. Basi nimekukosea nini? Kisha ya mwisho, ambayo Mzee aliishia kusomewa habari za mvua tu: Nimeelewa, Baba. Sitakusumbua tena.

Mzee akamgeukia binti yake.

"Hii ilikuja lini?"

"Jumapili."

Mzee akapapasa meza mpaka akaipata simu, akamnyooshea.

"Mpigie, mwanangu. Anza wewe kumwambia. Mimi sijui nianzie wapi."