Mikate Iliyogoma Kuumuka

Mtaa mzima ulimwita Bi Kipimo, na jina hilo hakupewa bure. Nyuma ya nyumba yao, kwenye kiwanda kidogo cha mikate cha familia, kulikuwa na chumba kisichozidi ukubwa wa bafu. Kilikuwa na rafu pande zote, jiko la mkaa sakafuni, na juu ya jiko sufuria la maji yanayofuka mvuke. Ndicho chumba cha kuumulia. Madonge ya unga yakishakandwa na kupangwa kwenye trei, huingizwa humo yapate joto, yaumuke, kisha ndiyo yaende tanurini. Joto likizidi, unga unachacha. Likipungua, unga unalala tu, na mkate unatoka mfupi, mgumu, hauna mnunuzi.

Na mtu pekee aliyelijua joto la chumba kile alikuwa yeye. Anaingia, anakunja mkono wa gauni, anasimama kimya kidogo, halafu anatoa hukumu. "Bado." Au, "Tayari, toeni." Miaka nenda miaka rudi, hakukosea. Mumewe, ambaye kazi yake ilikuwa tanuri, aliwahi kusema labda wanunue kipimajoto. Thubutu! Siku hiyo alikula chakula kilichopoa, na kesho yake pia.

Basi Bi Kipimo akavuka hamsini, na mwili ukaanza kumfanyia vituko. Hedhi ikaja inapotaka, ikaruka, ikarudi kwa fujo, mwisho ikaaga kabisa. Usiku anaamka shuka zimelowa chapachapa. Mchana anaingia chumbani kutafuta kitu, anasimama katikati, hakumbuki kafuata nini. Hasira nazo zikawa hapa mdomoni. Mwenye kumuuliza chumvi iko wapi anajibiwa kana kwamba kamtukania mama yake.

Angemwambia nani? Yeye ndiye mwanamke wa nyumba ile, mtu wa kuulizwa na kutegemewa, na kichwani mwake kukoma hedhi maana yake ilikuwa moja tu: umezeeka, umekwisha, sogea kando. Akaona aibu, aibu ya kweli, kama mtu aliyeiba. Akahamia chumba cha binti yao aliyeolewa, akamwambia mumewe kwamba anakoroma. Mume wa watu, maskini, akaanza kulala kifudifudi asikorome, na bado mke hakurudi. Na kichekesho zaidi, kila mwezi Bi Kipimo alikwenda dukani kununua pedi, akazibeba kwenye mfuko unaoonyesha ndani, makusudi, ili wifi yake azione. Kabati likajaa pedi za mtu asiyezihitaji.

Huyo wifi ndiye dada mdogo wa mumewe. Alirudi kwao baada ya ndoa kumshinda, amekuja na begi moja na macho yaliyovimba. Kilichomnyanyua ni unga. Alipewa kazi ya kukanda na kuchanganya hamira, na mikono yake ikawa mizuri kwelikweli. Baada ya muda akaanza kucheka tena, akaanza kutaniana na wateja, hata shingo ikanyooka. Watu walisema, yule dada mkate wake unalainika kama pamba. Hakuwa na kitu kingine duniani cha kujisifia, lakini hicho alikuwa nacho.

Sasa sikiliza. Asubuhi moja Bi Kipimo yumo chumba cha kuumulia, mara joto likampanda. Lilianzia kifuani, likaja shingoni, likafunika uso, jasho likamtiririka mpaka kwenye kope. Akajisemea, jamani, hiki chumba kinachemka, unga utachacha! Haraka akalitoa sufuria jikoni, akafunika mkaa kwa majivu, akafungua kidirisha cha juu. Upepo wa alfajiri ukaingia. Alipopoa, akafunga kidirisha, akaridhika kwamba ameokoa kazi. Baadaye akatoa hukumu: "Tayari."

Mchana mpishi wa shule ya bweni akaja na kreti lake, akalibwaga juu ya kaunta.

"Huu ni mkate au tofali? Wanafunzi wameugonga mezani, meza ndiyo imelia."

Mume akauchukua mkate, akaubonyeza, haukubonyea. Akamgeukia dada yake. "Hamira nani kachanganya?"

"Mimi, kaka."

"Maji yalikuwaje?"

"Vuguvugu, kama siku zote."

"Umeyachemsha wewe. Umeiua hamira kwa maji ya moto." Kisha akamgeukia mkewe. "Au chumba kilikuwa na tatizo?"

"Chumba kilikuwa sawa," alisema Bi Kipimo, na alisema kwa moyo safi, maana ndivyo alivyoamini. Wifi yake alimtazama, akataka kusema neno, akaliacha.

Baada ya siku chache yakajirudia yaleyale, safari hii mikate ya kantini ya hospitali. Mume akapandwa na hasira, akasema mbele ya wote kwamba dada yake ana mawazo ya ndoa iliyovunjika na mikono yake haipo kazini. Akamtoa kwenye unga. Akapiga simu kwa kaka yao mkubwa, wakakubaliana Jumamosi aje kumchukua, akakae kule, akasaidie kulea watoto. Hawakumuuliza. Walimpanga kama watu wanaoamua kabati liwekwe chumba gani. Yule dada akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya gunia la unga.

Wiki hiyohiyo moyo wa Bi Kipimo ukawa unadunda ovyo, akaogopa ni presha, akaenda kliniki. Muuguzi alikuwa mama wa makamo, mcheshi, mwenye feni ndogo ya betri mezani kwake. Akampima, akasema presha ni nzuri. Kisha akauliza, "Hedhi ya mwisho lini, dada yangu?"

"Mwezi uliopita."

Muuguzi hakuandika. Alimtazama tu, mpaka Bi Kipimo mwenyewe akainamisha kichwa. "Mwaka jana," akasema kwa sauti ndogo.

"Ahaa. Sasa tunazungumza." Akamsogezea ile feni. "Huumwi. Mwili unabadilika, basi. Hata mimi hapa, kuna siku natamani niingie kwenye friji na gauni langu. Chai kali punguza. Tembea kila siku, mifupa ipate kazi. Kula mboga, kunywa maziwa, vaa pamba, lala mapema. Na ikizidi, rudi, daktari ana dawa za kusaidia. Ila dawa ya kwanza ni kusema. Mwambie mumeo, waambie wa nyumbani. Usijifiche kama umefumaniwa."

Bi Kipimo akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Muuguzi akaendelea, "Halafu usishangae, hilo joto ni lako peke yako. Wewe unaungua, na mwenzio pembeni amevaa sweta."

Kicheko kikamkauka. Maana siku ya ile mikate ya kantini, wifi yake aliingia chumba cha kuumulia na trei mikononi, na alikuwa amevaa sweta. Amelifunga mpaka juu. Na alitetemeka.

Njia nzima kurudi nyumbani alitembea bila kuona watu. Ni mimi, alijiambia. Unga umelala kwa mkono wangu. Alipofika getini alikuwa ameamua kusema. Alipofika jikoni alikuwa ameamua kusema baada ya chakula. Baada ya chakula akaona mume amechoka. Mwajua wenyewe jinsi neno linavyozidi kuwa zito kila likiahirishwa. Kusema chumba alikiharibu yeye ni kusema kwa nini, na kusema kwa nini ni kuvua nguo mbele ya wanaume wale. Na baada ya hapo, nani tena angemwita Bi Kipimo?

Kwa hiyo alifanya kitu cha aibu kuliko vyote. Aliacha kuuamini mkono wake, akaanza kuusikiliza unga wenyewe: anabonyeza donge kwa kidole, akiona shimo linarudi taratibu, anajua limefika. Joto likimpanda anatoka nje, anasimama nyuma ya tangi la maji mpaka lishuke. Kidirisha hakukigusa. Na mikate ikatoka mizuri, imenona, ina rangi. Mume akaushika mmoja, akaunyanyua juu mbele ya wateja.

"Mnaona? Dada hayupo kwenye unga, mkate umerudi. Kumbe ni yeye kweli."

Bi Kipimo akasimama pale na trei mkononi, akanyamaza. Wifi yake alikuwa mlangoni, anafagia, amesikia kila neno. Aliendelea kufagia palepale, pameshakuwa safi. Naapa, kama ardhi ingepasuka Bi Kipimo angeruka mwenyewe bila kusukumwa.

Jumamosi ikafika. Gari la shemeji, yule kaka mkubwa, lilikuwa limeegeshwa uani, na ndugu wawili wamesimama wanazungumza. Bi Kipimo akaingia chumbani kwa wifi yake, akamkuta ameketi kitandani, begi liko tayari miguuni. Akafunga mlango, akabaki ameuegemea.

"Wifi, usiondoke. Ile mikate niliiharibu mimi."

"Najua," wifi alisema.

"Unajua?"

"Nilikuona unafungua dirisha. Nilikuona unavyolowa jasho, na chumba kina baridi mpaka meno yanagongana. Mama yetu naye alikuwa hivyohivyo alipofika umri wako, nilikuwa mdogo lakini nakumbuka. Nikajua yamekufika." Alinyoosha mkunjo wa shuka kwa kiganja. "Na nikaona hizo pedi unazopita nazo mbele yangu kila mwezi. Nikasema, wifi yangu hataki lijulikane. Nikimwambia kaka ni dirisha, ataniuliza dirisha lilifunguliwa kwa nini. Nikaona nikusitiri."

Bi Kipimo alihisi machozi yanamjaa. "Ukakubali kufukuzwa kwa ajili yangu?"

"Wewe ndiye uliyenipokea na begi langu mlangoni. Hukuniuliza chochote. Nami nikasema, huyu mwenyewe hajui anachofanya. Anadhani kweli chumba kina joto. Siku akijua atasema, namfahamu." Akamtazama. "Umejua lini?"

Hapo Bi Kipimo angeweza kudanganya. Neno moja tu, "Leo", na yote yangekwisha vizuri. Wifi mwenyewe alikuwa amemshikia mlango wazi apite.

"Tangu nilipotoka kliniki," alisema.

"Kabla kaka hajaunyanyua ule mkate?"

"Kabla."

Wifi hakupiga kelele. Uso wake ulisinyaa tu, pole pole, na akaonekana kama siku ile aliyorudi kutoka kwa mumewe. "Nilidhani hujui," alisema. Akainama, akashika begi, akampita, akatoka.

Bi Kipimo akamfuata mpaka uani. Shemeji alikuwa anafungua buti la gari. Kwenye dirisha la kuuzia mikate, linalotazama uani, kulikuwa na wanunuzi, wakingoja mikate yao, na mume alikuwa anawahesabia. Joto nalo, kwa ukorofi wake, likachagua dakika hiyohiyo kumpanda. Safari hii hakukimbilia nyuma ya tangi.

"Shemeji, ngoja. Baba watoto, njoo hapa usikie. Mikate niliiharibu mimi. Si hamira, si maji, si dada yenu."

"Unasema nini, mama?" mume akashangaa.

"Hedhi yangu imekoma. Napandwa na joto, kama hivi mnavyoniona sasa. Nilidhani ni chumba, nikafungua dirisha, unga ukapigwa na baridi."

Loo, mngewaona wale wanaume! Shemeji aligeuka akaanza kukagua tairi, tena tairi zima kabisa. Mume alitazama huku na huku, akamnong'oneza, "Mambo ya kike hayo, mama. Tuingie ndani tuzungumze."

"Siingii. Nyie mlimsema yeye hapahapa, watu wanasikia. Na mimi nilikuwepo, nilishaujua ukweli, nikanyamaza. Nilimwacha abebe aibu yangu kwa sababu naogopa mtasema nimezeeka. Basi nimezeeka. Chumba cha kuumulia ni chake kuanzia leo, mkono wangu umeshakuwa mwongo." Jasho lilimdondoka kidevuni, likalowesha kifua cha gauni, na hakulifuta.

Mama mmoja pale dirishani akasema, "Pole, mwenzangu, hata mimi hulala na taulo," na jirani yake akamfinya anyamaze.

Mume alisafisha koo. Alimwendea dada yake, akasimama mbele yake na mikono yenye unga, hajui aiweke wapi. "Nimekukosea," alisema. "Kama hutaki kwenda, huendi. Kama unataka, pia sitakulaumu."

Wifi alishika mpini wa begi, akaligeuzia mlango wa nyumba. Bi Kipimo akasogea ampokee.

"Acha. Nalibeba mwenyewe."

Akalirudisha ndani. Akatoka amevaa aproni, akaenda moja kwa moja chumba cha kuumulia, akachochea mkaa, akabonyeza donge moja, akabonyeza la pili. Bi Kipimo alisimama kizingitini, hajui kama anaruhusiwa kuvuka.

"Wifi, nisamehe," alisema.

Wifi hakugeuka. "Leo usinisemeshe. Kesho tutaona."

"Haya," Bi Kipimo akajibu, akaenda kuosha trei.