Mkoba Ambao Haukupekuliwa

Jumanne saa tatu asubuhi, Sylus, mlinzi wa ukumbi mmoja pale Voi, alipangusa vumbi jekundu juu ya piano kwa kipande cha shuka kuukuu, akafungua madirisha ya upande wa reli, kisha akaketi mlangoni kunywa chai. Mwalimu Nzilani aliingia, akamsalimu, akavua viatu maana hupenda kukanyaga pedali kwa mguu mtupu, akajaribu vitufe vyote kutoka kushoto hadi kulia kama afanyavyo kila siku. Kitufe kimoja cha katikati hakikulia. Nyundo iligonga waya, waya ukatikisika vizuri, lakini sauti haikuwepo.

"Sylus, kuna mtu aliingia hapa jana baada yetu?"

"Hakuna, Mwalimu. Ni mwongozaji tu alibaki kidogo akiandika."

Nzilani alikiandika kitufe hicho kwenye daftari lake, akaendelea na mazoezi.

Kazi yake kwa miaka ishirini na miwili imekuwa kuwasindikiza waimbaji kwa piano. Mwimbaji akivuta pumzi, naye huvuta. Akichelewa, humsubiri. Akipotea, humfunika mpaka arudi njiani, halafu watu hupiga makofi wakimtazama mwimbaji. Hilo halikumsumbua. Kilichomkera ni kwamba amesindikiza harusi, mazishi na mashindano ya shule kuanzia Njukini hadi Rukanga, na hapakuwa na karatasi hata moja yenye jina lake. Sasa kampuni moja ya opera Nairobi ilikuwa inatafuta msindikizaji, nayo ilitaka vitu viwili: jina la mwombaji ndani ya kijitabu cha opera iliyoonyeshwa, na barua ya mwongozaji. Mwongozaji alikuwa Thadeus Owino, aliyesomea kazi hiyo ng'ambo, na aliahidi vyote viwili.

Opera yenyewe ilihusu binti wa wakata mkonge anayemkataa msimamizi wa shamba. Ilikuja imeandikwa kwa noti za mistari mitano, na kati ya waimbaji thelathini hakuna aliyezisoma, kwa sababu kwaya za huku hujifunza kwa herufi za do-re-mi. Nzilani alikaa miezi minne akiandika upya kila sauti kwa mkono. Thadeus naye aliitazama ile mistari mitano kwa heshima na kwa mbali. "Hapa wewe unaonaje, Mwalimu?" alikuwa akinong'ona, kisha anasimama mbele ya waimbaji na kuwaambia alichoambiwa.

Alhamisi vitufe vitatu zaidi vilinyamaza. Jumatatu iliyofuata vilifika kumi na kimoja. Hakuna aliyeuliza sauti huibwaje. Walichouliza ni nani kaziiba. Waliokaa viti vya nyuma waliwashuku wa mbele, soprano wakawashuku besi, na kila mtu akawa anakohoa kwa tahadhari ili asije akadhaniwa. Wakati huohuo, kamati ya onyesho iliagiza do ihamishwe, ianzie mahali ambapo vitufe bado vilikuwa vizima. Kwa watu wa do-re-mi hilo si jambo kubwa. Basi do ikapanda ngazi moja, kesho yake mbili, mpaka Valentine, msichana wa Bura aliyeimba nafasi ya binti, akawa anaimba mishipa ya shingo imesimama.

"Mwalimu, juu huku sauti itanikatikia," alisema.

"Vuta kutoka tumboni. Acha kuinua mabega."

Ijumaa kamati iliketi. Mwenyekiti, Madam Jacqueline, alikunja miwani yake akaiweka mezani.

"Mwalimu Nzilani, usinielewe vibaya. Lakini mwenye funguo ya piano ni wewe."

"Na mwongozaji anabaki humu kila siku mimi nikishaenda."

"Mwongozaji ni mgeni wetu."

Wakaumimina mkoba wa Nzilani mezani mbele ya watu wote: miwani ya kusomea, kipande cha muhogo wa kuchemsha, taulo za hedhi, kalamu mbili, karatasi za do-re-mi. Sylus aliagizwa ategee sikio kitu kimoja baada ya kingine. Havikutoa sauti. Mtu mmoja alisema labda amezificha nyumbani. Iliamuliwa kwamba tangu siku hiyo mkoba wake upekuliwe kila atokapo, na pawe na kitabu cha kuandika matokeo. Iliuma. Iliuma zaidi kwa sababu waimbaji aliowafundisha kuvuta pumzi walikuwa wamesimama palepale, wote wameizuia.

Wiki iliyofuata, mazoezi yakiendelea, Thadeus alifungua mkoba wake wa ngozi atoe kalamu. Ikatoka sauti ya la ya katikati, safi kabisa, ikazunguka ukumbini na kutokea dirishani. Alipovuta zipu kuufunga, zikamponyoka nyingine mbili. Kila mtu alisikia.

"Nilikuwa nazihifadhi," Thadeus alisema. "Vumbi la hapa ni kali kwa vyombo."

"Vumbi ni kali, kweli," alisema Madam Jacqueline. "Basi afadhali ziko salama."

Wote wakakubaliana kuhusu vumbi. Nzilani aliuliza kama sasa mkoba wake utaacha kupekuliwa, akajibiwa kwamba jambo hilo lilishaingia kwenye kumbukumbu za kikao.

Siku ya onyesho piano nzima ilikuwa bubu. Nzilani alipiga, na sauti zikatoka kwenye mkoba wa ngozi uliowekwa miguuni mwa Thadeus, kila moja kwa wakati wake, zikifuata vidole vyake bila kukosea. Valentine aliimba vizuri mno. Wageni wa heshima walimpa Thadeus mkono, na mmoja aliupapasa mkoba kwa upole. Kijitabu kiliandika: Uongozaji, muziki na mafunzo ya sauti, Thadeus Owino. Ukurasa wa mwisho, chini ya waliotoa viti na maji ya kunywa, palikuwa na shukrani kwa "mwalimu wa piano".

"Na ile barua, Bwana Owino?"

"Nitaandika, Mwalimu. Unajua mambo yamekuwa mengi."

Jumapili Thadeus alipanda treni kwenda Nairobi na mkoba wake. Valentine alikwenda naye, kwa kuwa kampuni ileile ilikuwa imemwita akaimbe mbele ya majaji Jumatano saa nne. Jumatatu Nzilani alipata ujumbe wa kampuni hiyo kwenye simu. Walimshukuru kwa kuomba kazi, wakamweleza kwamba nafasi ya msindikizaji haipo tena, maana mwongozaji wanayetarajia kumwajiri anakuja na muziki wake mwenyewe.

Jumatano saa nne kasorobo, Nzilani aliketi mbele ya piano, akavua viatu, akaikalia mikono yake. Asingepiga, mkoba ungenyamaza mbele ya majaji, na Nairobi ingejua. Alikuwa amelifikiria jambo hilo kwa siku mbili, na kusema kweli, lilimpendeza sana.

Saa nne na dakika tano alimsikia Valentine akivuta pumzi. Ilitoka Nairobi, fupi, ya juujuu, ikapita juu ya kelele ya feni.

"Huyo ni Valentine," Sylus alisema kutoka mlangoni.

"Ni yeye."

"Ameogopa."

"Anavuta kwa mabega. Nimemwambia mara mia."

Nzilani aliitoa mikono yake, akapiga. Ukumbini hapakusikika kitu ila vitufe vikigonga mbao, tap, tap. Kwenye ile sehemu ya juu Valentine alichelewa kidogo, Nzilani akamsubiri. Dakika sita baadaye alimaliza, akabaki ameketi huku jasho likimtiririka mgongoni. Alikuwa na hasira, na alikuwa na furaha pia.

Alasiri simu ililia, ujumbe wa Valentine ukaingia. "Mwalimu nimepita!!! Na Mr Owino wamempa kazi. Wanasema hawajawahi ona mkoba kama ule. Kuna mahali nilichelewa, ukanisubiri. Mungu akubariki."

Aliusoma mara mbili. Akavaa viatu, akafunga piano, akachukua mkoba wake. Mlangoni Sylus alisimama bila kumtazama usoni.

"Samahani, Mwalimu. Ni utaratibu."

Nzilani alimfungulia. Sylus aliinama, akatega sikio ndani kwa muda mrefu, kisha akafungua kile kitabu na kuandika polepole, kwa kalamu ya bluu, kama alivyoandika kila siku tangu kikao kile: Nzilani Kitonga, saa kumi na nusu, hakupatikana na kitu.