Korido ya Mkamwana

Jumatatu saa nne asubuhi Lusungu alitoka chumbani kwake kupitia dirishani, mkononi ana beseni la vyombo na mbele ana mimba ya miezi saba. Alitanguliza beseni, akalitua juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kisha akatoa mguu wa kulia, akakaa kidogo kwenye kingo ya dirisha apumue, ndipo akatoa wa kushoto. Nondo tatu za dirisha hilo mumewe Obed alikwisha kuzikata kwa msumeno. Agness, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuwa anaanika nguo, akamsalimia, wakaulizana kama mvua itawaachia hata nusu saa. Mtaa mzima wa Bulyaga ulikwisha kuzoea.

Sababu ilikuwa imekaa sebuleni. Mzee Ambakisye, baba yake Obed, aliteleza kwenye mfereji wa migomba yake kule Matwebe, akavunjika mguu, akafungwa hogo la plasta kuanzia pajani mpaka kwenye vidole. Mtoto wake wa kiume ni mmoja, na huyo mmoja anakaa mjini Tukuyu. Basi akaletwa, akaegeshwa kwenye kochi kubwa, na hapo ndipo alipo kwa wiki ya tatu sasa. Na kwa Wanyakyusa wanaoshika mambo ya kwao, mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Hawapishani njiani, hawapeani mkono. Siyo chuki, ni heshima. Lusungu alilelewa hivyo, kwamba ukisikia mkweo anakohoa huko mbele, unaacha njia unaingia migombani mpaka apite.

Sasa sebuleni migomba iko wapi? Nyumba ile ilichorwa na Godwin, kijana wa hapahapa aliyekwenda Dar es Salaam akarudi na stashahada ya usanifu na upambaji wa ndani, akaitia kwenye fremu ya dhahabu. Alichora sebule, meza ya chakula na jiko vyote ukumbi mmoja, bila ukuta katikati, na milango yote ya vyumba ikitazama ukumbi huo. Alisema mwenye nyumba akikaa kwenye kochi ataona familia yake yote. Ni kweli kabisa, na ndilo lilikuwa kosa. Stashahada ile haikuwa na somo la wakwe.

Kwa hiyo Lusungu alipika nje kwenye jiko la mkaa, chini ya upenu, na jiko zuri la ndani likakaa bila kazi. Mzee alikula chakula kilichopoa, alicholetewa na Obed akirudi kazini. Hakulalamika, ila alikuwa anakonda. Usiku, wote wakishalala, ndiyo ulikuwa wakati pekee wa Lusungu kuingia jikoni kwake mwenyewe, na hapo alifika akinyata kama mwizi.

Ni Agness aliyemtaja Atupokile.

Atupokile alichambua chai kiwandani miaka kumi, mpaka vumbi lilipomkaa kifuani akaacha. Toka hapo akawa anaitwa kwenye majumba ya watu: hebu njoo utazame kochi likae wapi, mbona chumba hiki kinanuna. Hatimaye akapanga kifremu cha duka kando ya muuza mkaa, akaandika bango kwa mkono wake: ATUPOKILE, TUNAPANGA NYUMBA IKUPENDE. Cheti alichokuwa nacho ni cha ubatizo na cha kipaimara, basi. Kazi alifundishwa na bibi yake kule Nkunga, bibi Anyosisye, aliyekuwa anapaka kuta kwa viganja: udongo mweupe juu, mwekundu chini, na mistari ya vidole katikati. Bibi huyo alisema nyumba ni lazima uiulize kwanza, usiivamie.

Alikuja Jumanne na ndoo ya udongo mweupe. Futi kamba hakuwa nayo. Alivua viatu, akapita sebuleni akimsalimia mzee kwa kupiga goti, akaingia chumbani kwa Lusungu, akakaa sakafuni.

"Nani humu hapaswi kumwona nani?"

Lusungu akamwambia.

"Nani anaamka wa kwanza?"

"Mimi."

"Na wewe ukitaka kulia, unalilia wapi?"

Lusungu alifikiri. "Dirishani, dada Atu. Pale katikati, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje."

Atupokile aliitikia kwa kichwa, maana hilo ndilo alilokuwa anatafuta. Akasogeza kabati la nguo, akachovya kiganja kwenye ndoo, akaanza kupaka ukuta. Alipaka taratibu, akizungumza nao kwa Kinyakyusa, mara anauuliza, mara anaunyamazia. Lusungu aliletewa kigoda akae. Saa tisa alasiri ukuta ukaachia.

Haukuanguka wala kupasuka. Ulijisogeza tu, kama mtu anayekupisha kwenye benchi la kanisa, na palipokuwa na kabati pakawa na korido. Ilikuwa na urefu wa hatua kumi na moja, upana wa mtu mwenye beseni, na kuta zake zilinukia udongo baada ya mvua. Mwisho wake ilipinda, ikatokea jikoni. Nalo jiko lilikuwa limerudi nyuma, limejipatia ukuta wake na kidirisha kidogo cha kupitishia sahani. Katikati ya korido palikuwa na dirisha la kioo. Dirisha hilo lilitazama Mlima Rungwe wote, toka kwenye migomba ya chini hadi msitu wa juu, ukungu ukiwa umeukaa kiunoni. Kwa nje, upande huo ni uzio wa Agness, na kati ya uzio na ukuta pana nafasi ya mkono mmoja tu, anapotagia kuku. Kuku hakusumbuliwa.

Lusungu aliingia akigusa kuta kwa mikono yote miwili. Kwenye hatua ya sita, mbele ya lile dirisha, alisimama. Mtoto naye tumboni akatulia, aliyekuwa akirusha mateke tangu asubuhi. Lusungu alijisikia mdogo na salama kwa wakati mmoja. Atupokile alisimama nyuma yake, udongo ukimkaukia viganjani. Ilikuwa nyumba ya tisa hiyo kuifanya, na kila mara alishangaa vilevile. Hakujua vitu hivi vinatoka wapi. Alijua tu kwamba akiuliza vizuri, anajibiwa.

Jioni ile mzee Ambakisye alisikia sufuria zikigongana nyuma ya ukuta ambao asubuhi haukuwepo. Kidirisha kikafunguka, ikatoka sahani ya ndizi na maharage, inafuka moshi. Uso haukuonekana, mkono tu, nao ukarudi haraka. Mzee aliivuta sahani.

"Ndaga fijo, mwanangu," alikiambia kile kidirisha, asante sana. Kisha akala mpaka akaramba vidole.

Habari haikuchelewa kuenea, na haikuchelewa kufika ofisi za halmashauri. Atupokile mwenyewe aliipeleka, maana alitaka leseni. Hellen, karani wa biashara, alimpokea vizuri, akamwambia hata mama yake mzazi amepangiwa chumba na yeye na sasa analala bila kukohoa. Lakini upambaji wa ndani unadai cheti. Bila cheti, Hellen angeweza kumwandikia usafi wa majumbani.

"Lakini mimi sifanyi usafi."

"Najua, dada. Ila kwenye orodha hapo ndipo unapoenea."

Akaandikiwa usafi wa majumbani.

Wiki mbili baadaye Obed akaletewa barua ya halmashauri. Nyumba yake imeonekana kuwa na korido isiyokuwemo kwenye ramani iliyopitishwa. Korido hiyo ibomolewe ndani ya siku kumi na nne, au ithibitishwe kwa saini ya mtaalamu mwenye sifa. Hakuna aliyeuliza imeingiaje pale. Waliuliza imesainiwa na nani.

Mtaalamu mwenye sifa, Tukuyu nzima, alikuwa Godwin. Akaja na tepu yake ya chuma. Kwa kuwa alipita chumbani mara tatu bila kuuona mlango, ilibidi Atupokile amshike kiwiko amwingize. Godwin alipima kwa uangalifu, Atupokile akimshikia ncha ya tepu. Kwa ndani, mita saba na nusu. Kwa nje, ukuta wa unene wa tofali moja. Akaandika vipimo vyote viwili. Mbele ya dirisha alivua kofia, akaivaa tena.

"Nzuri," alisema. "Kusema ukweli, ni nzuri mno. Nitasaini. Lakini naweza kusaini kama niliichora mimi. Kazi ya mtu asiyejulikana siwezi kuisaini."

"Nisijulikane vipi? Tulikaa dawati moja darasa la nne, Godwin."

"Mtaani unajulikana. Kwenye makaratasi hujulikani, na wao wanasoma makaratasi." Hakuwa anamkejeli. Alimweleza kama mtu anavyoeleza njia ya kwenda stendi.

Ndipo sauti ya Lusungu ikatoka kule korido inakopinda, maana mzee alikuwa macho na yeye hakutaka kutokeza. "Dada Atu, usikubali. Waibomoe. Mimi nitarudi dirishani."

Atupokile alikuwa bado ameshika ncha ya tepu. Alitaka jina lake kwenye kazi hii kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Alijiona kabisa akiitundika ile karatasi kule kwenye kifremu, pembeni ya bango. Lakini alimfikiria Lusungu, mwezi wa tisa huu, mguu mmoja ndani na mwingine nje, mvua inanyesha, kingo imelowa.

"Andika," alimwambia Godwin.

Godwin akaandika: Korido ya Faragha, mchoro wa Godwin. Akapiga muhuri. Atupokile akaachia ncha ya tepu, ikarudi mbio kwenye kopo lake. Alitoka nje akaenda mpaka kwenye migomba ya Agness, akalia kwa hasira. Kisha akanawa uso na kurudi kuchukua ndoo yake.

Uchungu ulimshika Lusungu siku ya Alhamisi, adhuhuri. Alipita korido kwa miguu yake, Agness huku, Atupokile huku, mpaka kwenye mlango wa nyuma wa jikoni ambapo gari lilikuwa linangoja. Sebuleni, mzee Ambakisye alizihesabu hatua nyuma ya ukuta. Zilipofika kumi na moja alikohoa mara moja, kikohozi cha heshima, na Lusungu pamoja na maumivu yake alikisikia. Alijifungua mtoto wa kike kabla ya giza. Mtoto alipoletwa nyumbani, alipitishwa kwenye kile kidirisha akiwa ndani ya kanga, toka mikono ya mama mpaka mikono ya babu. Mzee alimpakata, akaikaza kanga isimfunuke. Korido ipo mpaka leo, ingawa hogo lilikwisha kukatwa.

Ramani ya Korido ya Faragha ilimtoa Godwin kimaisha. Sasa ana kazi ya gesti mpya ya vyumba ishirini, na mwenye gesti ametaka kila chumba kiwe na dirisha kama lile. Godwin amechora ishirini. Kisha akamtuma mtu amwite Atupokile.

Alikwenda na ndoo yake ya udongo wa Nkunga. Getini mlinzi, Baraka, alimsogezea kitabu cha wageni. Palikuwa na mistari ya kujaza: jina, atokako, shughuli. Kwenye shughuli Baraka alikuwa amekwisha kumwandikia, ili kumrahisishia: usafi.

Atupokile akaandika jina lake, akaingia. Chumba cha kwanza kilikuwa na giza, kimepakana na karakana ya pikipiki. Alivua viatu, akakaa sakafuni, akauliza. Ilimchukua mpaka saa kumi. Ukuta ukajisogeza, mwanga ukaingia, na mlima wote ukasimama dirishani, na ukungu ukawa unaupanda taratibu. Atupokile alishika ukuta ili asianguke. Hapakuwa na mtu wa kumwambia, akamwambia bibi yake, kwa sauti, kwamba wamejibiwa tena.

Wakati wa kutoka aliweka saini kitabuni. Kidole chake kikaacha alama ya udongo mweupe kwenye ukurasa, kando ya jina. Baraka alimuaga vizuri, akangoja apite geti, kisha akachukua kitambaa akaifuta ile alama, maana kitabu kile hukaguliwa kila Ijumaa.