Kurasa Nne Tulizoruka

Nilijua nimeharibu kabla sauti haijatoka vizuri kwenye piano. Mungu wangu, mikono hii! Miaka yote ninayoitwa kupiga piano ya pili kwenye mashindano haya haijawahi kunifanyia ujinga wa namna ile, ikaja kunifanyia siku ya mtoto wa kaka yangu.

Ngoja nieleze taratibu, maana nikikasirika nakimbiza maneno. Kwenye fainali kila mshiriki hucheza kipande kilichoandikwa kwa piano na okestra. Okestra yenyewe hatuna, na tungekuwa nayo isingeenea jukwaani. Okestra ni mimi: mama mmoja mnene kwenye piano ya pili. Mshiriki anacheza kwa kichwa, mimi nasoma karatasi. Na kipande alichochagua binti huyu wa kaka yangu kina mtego: wimbo uleule unakuja mara mbili. Mara ya kwanza unakuingiza kwenye kurasa nne ngumu za kutoa jasho. Mara ya pili unakupeleka moja kwa moja mwisho. Wengi wamepotea hapo. Ila anayepotea huwa ni mshiriki, si okestra!

Mimi nilikuwa namtazama mtoto badala ya karatasi. Alikuwa anacheza vizuri mno, na roho yangu iko juu, kwa sababu huu ndio mwaka wake wa mwisho. Mwakani umri utakuwa umempita. Mshindi anapelekwa chuo cha muziki, wengine wanarudi kwao. Basi wimbo ukaja mara ya kwanza, mikono yangu ikashika njia ya mara ya pili.

Binti hata kope hakupepesa. Akasikia nimeruka, akaruka na mimi, tukatua pamoja, tukamaliza. Watu wakapiga makofi wakasimama. Lakini majaji wanakaa na karatasi za muziki mbele yao, wanafuata mstari kwa mstari.

Wakatuita wote wawili kwenye chumba cha mazoezi, chenye piano mbili kuukuu na harufu ya mbao. Mwenyekiti wao, washiriki wanamwita Barafu, na jina limemkaa.

"Noti mbovu tunasamehe," akamwambia binti. "Kidole kikiteleza, kimeteleza. Tunachotafuta ni mtu anayejua anakokwenda. Wewe umesahau kurasa nne, na mwenzako akakufichia."

"Hakusahau!" nikadakia. "Aliyeruka ni mimi."

Jaji wa kike, yule wa miwani, akatabasamu kama anambembeleza mtoto. Wanajua binti ni wa kaka yangu; sikuwahi kuficha. "Shangazi ni shangazi tu," akasema. "Hata mimi ningesema hivyohivyo."

Damu ikanichemka. Yaani nasema kweli, naonekana nambeba! Nikamgeukia binti. "Waambie, mama."

Binti akatazama viatu vyake. "Ni mimi. Nilisahau."

"Mwongo mkubwa!"

"Shangazi, tafadhali."

Nikamwelewa papo hapo, na hapo ndipo hasira ilipozidi. Mpiga piano ya pili akishasemwa kwamba anawapoteza washiriki, nani atamwita tena? Mtoto huyu amekulia kwangu, anajua sina kazi nyingine. Alikuwa anaitupa nafasi yake ili mimi nisiaibike. Nani kamtuma?

Barafu akamwonyesha kiti. "Cheza hizo kurasa. Peke yako."

Akakaa. Akaanzia nyuma kidogo, safi kabisa, nami nasema moyoni haya, nenda, nenda. Akafika penyewe. Akasimama.

"Hapa ndipo ninaposahau," akasema, mikono imelala mapajani.

Alikuwa anadanganya mchana kweupe. Kurasa zile nimezisikia nikiwa jikoni kwangu mwaka mzima, asubuhi na jioni, mpaka jirani akawa anazipiga mluzi. Barafu akachukua kalamu. Yule wa miwani akaanza kukusanya karatasi zake. Nikaona chuo cha mtoto kinaondoka hivihivi, na humo ndani neno langu lilikuwa halina thamani tena.

Nikaachana na maneno. Nikaenda kwenye piano ya pili bila kuomba ruhusa, wala sikukaa. Nikapiga wimbo ule sehemu ya okestra, unavyokuja mara ya kwanza, nikafika pale ninapomwachia yeye, nikamwachia.

"Shangazi, usinifanyie hivyo."

Nikarudia. Nikamwachia tena. Pale pana kimya kifupi ambacho ni chake, na mimi ndiye niliyemfundisha tangu mdogo kutoniacha nikining'inia kwenye kimya kama kile. Nikamwona anang'ata mdomo, mabega yanapanda. Mkono wa kushoto ukaingia. Wa kulia ukafuata.

Akazicheza zote nne. Alikuwa analia, pua inamtiririka, hana nafasi ya kuifuta, na mimi nampigia okestra nimesimama, mgongo unaniuma, sijali. Nilikuwa na furaha mpaka nikaogopa. Tukafika mwisho pamoja.

Barafu akaweka kalamu chini. "Ulimsikia ameruka, ukamfuata?"

"Ndiyo," binti akasema.

"Halafu ukaja kutudanganya."

"Ndiyo."

Akawatazama wenzake. Yule wa miwani akaitikia kwa kichwa, na wa tatu naye.

"Masikio kama hayo hatuyapati kila mwaka," Barafu akasema. "Chuo ni chako." Kisha akanigeukia. "Nawe, mama, bado kuna washiriki wawili wa kundi la watoto. Tutamwita mpigaji mwingine. Na mwakani usisumbuke kuja."

"Nimesikia."

Binti akaruka kutoka kitini, anataka kubisha. Nikamshika mkono, nikamminya hasa.

"Thubutu ufungue mdomo," nikamwambia. "Sema asante."

Akasema asante. Lakini alikuwa ananitazama mimi.